Viungo vya Mtoto Mdogo na Nguvu Zake

Ninyi mliokwisha kukaa, fungueni madaftari. Wale ambao bado wanafunga vibanda vyao, sauti itawafikia huko huko. Leo tutasoma habari za shingo, mgongo, mikono na miguu ya mtoto mdogo, na jinsi viungo hivyo vinavyopata nguvu.

Msimamizi wa darasa na aandike ubaoni maneno haya: kukaza shingo, kukaa, kutambaa, dede. Yasomeni kwa sauti mara mbili. Kila mama anayajua, maana aliyangoja kwa mwanawe. Jambo tunalotaka kujua ni hili: je, yanakuja yenyewe, au mtoto hufundishwa?

Katika miaka ya 1970 mtaalamu mmoja wa Marekani, Charles Super, alichunguza watoto wa Wakipsigis katika kijiji cha Kokwet, magharibi ya Kenya. Aliona kwamba mama wa kule hawangojingoji. Mtoto akifika miezi 5 au 6 humkalisha katika kishimo kidogo walichochimba chini, au humzungushia mablanketi ili mgongo usianguke. Baadaye humshika mikono wakamwendesha polepole. Watoto hao walikaa na kutembea mapema kuliko watoto wa Marekani, kiasi cha mwezi mmoja hivi. Lakini mambo ambayo hawakuzoezwa hawakuwatangulia wenzao. Basi mazoezi yana kazi yake, na mama wa Kokwet walilijua jambo hilo kabla mtaalamu hajafika na daftari lake.

Hata hivyo, tusishindane na jirani. Mtoto mzima aweza kuanza kutembea peke yake wakati wowote kati ya miezi 8 na 18 hivi. Akipita hapo bila kutembea, mpelekeni kituo cha afya.

Sasa tuje kwetu. Mama mmoja wa darasa la Daraja Mbili huuza mnafu na mchicha sokoni. Mwanawe wa miezi 9 alikuwa akishinda mgongoni tangu alfajiri hadi saa nane mchana. Aliniuliza, "Mwalimu, nimshushe wapi, na chini ni matope?" Swali lake ni la haki. Mgongo wa mama si mahali pabaya. Mtoto huona watu, hupata joto, na shingo yake hufanya kazi. Lakini mikono na miguu imefungwa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019, likasema mtoto mdogo asifungwe mahali pamoja, hata mgongoni, kwa zaidi ya saa moja mfululizo. Mama huyo akapatana na wenzake watatu. Wakatandika mkeka mmoja nyuma ya mafungu ya mboga, wakawa wanalinda watoto kwa zamu. Mvua za masika zikianza, mpango huo huvunjika siku nyingi, wala sina dawa nyingine ila kuwaomba wenye vibanda vya paa watoe kona.

Mwongozo huo unasema pia kwamba mtoto ambaye hajatambaa alazwe kifudifudi akiwa macho, kidogo kidogo, mpaka zipatikane dakika 30 kwa siku. Akilala usingizi alazwe chali. Mtoto wa mwaka 1 hadi 4 atembee, apande, arukeruke dakika 180 kwa siku. Fanyeni hesabu: 180 gawa kwa 60 ni ngapi? Ni saa 3. Wala si mfululizo, bali zikijumlishwa tangu asubuhi mpaka jioni. Kwa mtoto wa miaka 3 na 4, saa moja katika hizo iwe ya kumtoa jasho.

Najua mtakaloniambia. Nyumba zetu za kupanga ni chumba kimoja, ua ni mwembamba, na nje bodaboda hazina huruma. Basi mzazi hufunga mlango, akampa mtoto simu aitazame. Nafahamu hofu hiyo. Lakini mtoto aliyefungiwa ndani hukosa mwendo, na hukosa jua pia. Na pasipo jua mwili haupati vitamini D ya kutosha, nayo ndiyo inayosaidia mifupa kuwa migumu. Kwa simu na televisheni, mwongozo unasema kabla ya miaka 2 asipewe kabisa, na baada ya hapo isizidi saa moja.

Wengine huogopa kumsimamisha mtoto dede, wakisema atapata matege. Hapa pande za Mlima Meru tuangalie sana. Miguu ya mtoto mchanga huwa imepinda kidogo kwa asili, nayo hunyoka baada ya kutembea. Ikizidi kupinda baada ya miaka 2, msilaumu dede. Huenda ni upungufu wa vitamini D, au huenda ni maji. Miamba ya volkeno ya mlima wetu hutia floridi katika chemchemi na visima vingi. Ndiyo inayotia meno rangi ya kahawia, na ikizidi sana huharibu mifupa ya watoto. Kipimo kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani kisizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi. Magadi tunayopikia maharage nayo huwa nayo, wakati mwingine nyingi. Ulizeni ofisi ya maji juu ya kisima chenu.

Kwa watoto wakubwa kidogo hatuna haja ya kununua kitu. Rede hufundisha jicho na kukwepa. Kamba huimarisha mifupa ya miguu. Mimi nauheshimu sana mdako, maana vidole vinavyodaka kokoto leo ndivyo vitakavyoshika kalamu kesho. Wasichana wasiitwe kuosha vyombo kila mchezo unapoanza. Ndugu zao wa kiume hawaitwi. Wala hatusemi kila mtoto awe kama jirani yetu Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974. Yatosha mtoto apande kilima cha kwenda shule asihemeke.

Somo limekwisha. Sasa jadilianeni darasani: katika mtaa wenu kuna uwanja gani ambao watoto wadogo waweza kucheza bila kugongwa, na ni nani awezaye kuwalinda kwa zamu? Kila mmoja aandike sentensi tatu juu ya mchezo aliocheza utotoni, azisome mbele ya wenzake. Juma lijalo tutaendelea na habari za maji ya kunywa, kwa hiyo ulizeni mapema maji yenu yanatoka wapi. Kwaherini.