Boti Hii ni ya Nani?

Msikilizaji, leo nakuomba twende mbali kidogo, hadi Peru, Amerika ya Kusini, katika mji unaoitwa Puno. Uko ukingoni mwa Ziwa Titicaca, mita 3,827 juu ya usawa wa bahari. Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu atanielewa nikimwambia kwamba kituo cha Horombo kiko mita 3,720. Yaani watu wa Puno wanafungua maduka, wanacheza mpira na kusukuma mikokoteni mahali palipo juu kuliko pale ambapo wengi wetu huanza kutapika.

Nilifika kwa basi kutoka Arequipa, mji ulio chini zaidi, ambako nilikaa siku tatu makusudi ili mwili uzoee. Hata hivyo ngazi za nyumba ya wageni zilinishinda. Oksijeni unayoipata huko kwa kila pumzi ni kama theluthi mbili ya ile ya Dar es Salaam. Usiku kucha kichwa kiligonga kama ngoma ya harusi. Asubuhi mama mwenye nyumba alinipa chai ya majani ya koka, na nikapata nafuu kidogo. Majani hayo ni halali Peru, lakini usiyafungashe kwenye begi. Katika nchi nyingi yanahesabiwa ni dawa za kulevya, na askari wa uwanja wa ndege hatasikiliza habari za kichwa chako.

Siku ya pili nikashuka barabara ya Lima, ambayo magari hayapiti. Mawakala wa watalii wamejipanga huko kama wauza mitumba wa Karume. Wote wanauza kitu kilekile: visiwa vya Uros vilivyojengwa kwa matete, kisha Taquile, kisha kulala Amantaní. Bei zinatofautiana ajabu. Kijana wa kwanza alinionyesha picha zilizotiwa plastiki na kuniambia kila kitu kimo ndani ya bei.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mpwa wangu. Aliwahi kubeba mizigo ya watalii mlimani siku sita, akarudi nyumbani na fedha isiyotosha gunia la mahindi. Aliniambia, "Mjomba, mgeni alilipa dola nyingi, nilimsikia mwenyewe akisema. Sijui zilipotelea wapi njiani." Basi nikamwuliza yule kijana: boti ni ya nani? Ya kampuni. Na mwenye nyumba atakayenilaza kisiwani anapata kiasi gani? Akaanza kunionyesha picha zile zile upya.

Swali hilo si la udadisi tu, lina historia pale. Watu wa Taquile, wanaosema Kikechua, walipoanza kupata wageni miaka ya 1970 walijiunga, wakajenga mashua zao, wakawa wao ndio wanaowavusha watalii. Wageni waligawanywa nyumba kwa nyumba kwa zamu, na vitambaa vyao viliuzwa katika duka la ushirika. Ufumaji huo, ambao wanaume nao hufuma kofia zao kwa sindano, ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005. Lakini katika miaka ya 1990, wakati wa serikali ya Rais Alberto Fujimori, haki yao ya kusafirisha wageni peke yao ilivunjwa kwa hoja ya kuzuia ukiritimba. Makampuni ya mjini yakaingia na boti za kasi. Mtalii akawa anafika, anakula, anapiga picha, anaondoka siku ile ile. Kisiwa ni kile kile na wageni ni wengi zaidi, lakini nauli inabaki Puno.

Sisemi mawakala wote ni walaghai. Wa tatu alikuwa mama mmoja mwenye meza ndogo na daftari. Yeye alinijibu bila kupepesa macho: boti ni ya watu wa Amantaní, inakwenda polepole, zaidi ya saa tatu, kitanda na chakula utamlipa mwenye nyumba mkononi, mimi unanilipa kwa ajili ya mwongozaji tu. Nikamwuliza juu ya maboya ya kujiokolea. Akanipeleka bandarini nikayahesabu mwenyewe. Sisi tuliozika watu wa MV Bukoba mwaka 1996 hatuhitaji mtu wa kutufundisha kuhesabu maboya.

Uros, niseme kweli, hapakunifurahisha sana. Ufundi wenyewe ni wa kushangaza: vipande vya mizizi ya matete vinafungwa pamoja, juu yake yanatandikwa matete mabichi kila yanapooza, na unapokanyaga ardhi inabonyea kama godoro. Lakini tulikaa muda mfupi, na mara tukaombwa fedha nyingine ya kupanda mtumbwi wa matete. Siwalaumu. Mgeni wa nusu saa utamwuzia nini kingine?

Amantaní ni habari nyingine. Akina mama walitungoja gatini na sketi zao pana, kila mmoja akachukua wageni wake. Mwenyeji wangu alitangulia kupanda kilima huku mimi nikisimama kila hatua kumi kutafuta pumzi. Jioni tulikula supu ya kinoa na viazi karibu na jiko la kuni, kimya, kwa sababu Kihispania changu ni cha kuombea maji tu. Baridi iliingia mpaka kwenye mifupa, na mablanketi yalikuwa mazito hata kugeuka kitandani ikawa kazi. Asubuhi nilimlipa mkononi. Alihesabu noti mara mbili, akazitia kifuani.

Niliporudi nilimweleza mpwa wangu habari hii yote kwa majivuno kidogo, jinsi nilivyouliza habari za boti, kitanda na chakula. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Na begi lako, Mjomba, alilipandisha nani?"

Alilipandisha yule mama, mgongoni, ndani ya kitambaa alichokifunga kifuani. Nami sikumlipa kwa hilo, wala halikunijia akilini.