Kungoja Maji Yajae



Likizo moja tulisafiri pamoja na watoto kutoka Mombasa, tukapita Malindi, Garsen na Witu, tukilala hemani, mpaka Mokowe, barabara inapoishia baharini. Hapo tukapanda mashua kwenda kisiwa cha Manda kuyaona magofu ya Takwa, mji uliohamwa katika karne ya 17.

Mkono wa bahari uendao Takwa hupitika maji yakijaa tu. Tulikawia sisi wenyewe magofuni. Maji yakapwa, mashua ikakaa topeni kati ya mikoko. Maji ya kunywa yalikuwa yametuishia, na mtoto wetu mdogo alilia kwa kiu. Tukamlaumu nahodha. Yeye, Mwislamu, hakujibu. Alichukua dumu lake, akamnywesha mtoto, kisha akasema, “Padri, bahari haisukumwi. Tungoje.”

Tuliona haya. Ibrahimu alikaa hemani maisha yake akiungoja mji wa Mungu (Waebrania 11:9-10); sisi saa chache zilitushinda. Usiku maji yalijaa, mashua ikaelea.

Ndugu, umekwama leo? Usimlaumu mwenzako. Ngoja, na unayengoja naye mpe maji.

Tuombe: Ee Bwana, tufundishe kungoja bila uchungu. Amina.