RUSINGA: KISIWA KIKAVU KATIKATI YA MAJI

(Maneno ya mazungumzo juu ya milima na wanyama wa Rusinga na nchi iliyo karibu nayo)



Leo nataka kuwachukueni mpaka Rusinga, katika Kaunti ya Homa Bay. Wengi wenu mmelisikia jina hilo kwa ajili ya marehemu Tom Mboya, aliyeuawa mjini Nairobi mwezi wa Julai 1969 na kuzikwa huko kwao kisiwani. Lakini leo sisemi habari za siasa. Nasema habari za mawe, mvua na wanyama.

Jambo la kwanza limshangazalo mgeni wa Rusinga ni ukavu. Kisiwa kimezungukwa na Ziwa Viktoria, lililo kubwa kupita maziwa yote ya Afrika, maili za mraba karibu 26,600. Na hata hivyo mwezi wa Februari majani ya kisiwani huwa na rangi ya ngozi ya simba, na akina mama hushuka mteremkoni na ndoo zao kwenda kuteka maji ziwani. Mtu hujiuliza, yawezekanaje nchi ione kiu hali miguu yake imo majini? Jibu lake ni upepo. Wakati wa mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa yake hupanda juu, na upepo wa ziwani huja kushika mahali pake. Upepo huo umejaa unyevu, lakini haushushi mzigo wake ufukweni. Huupeleka mbele mpaka ukutane na milima ya Kisii na Kericho, nao ukipandishwa na milima hupoa na kunyesha. Kwa hiyo mkulima wa Kisii hupanda chai na ndizi kwa maji yaliyotoka mbele ya mlango wa mtu wa Rusinga, na huyu wa Rusinga hupanda mtama na mahindi kidogo, akitazama mawingu yakimpita.

Kisiwa chenyewe si kikubwa. Urefu wake ni kama maili 10, na upana wake maili 3 mahali palipo papana. Kimekaa mdomoni mwa Ghuba ya Winam, ambayo zamani iliitwa Kavirondo. Upande wa magharibi kuna Mfangano, kisiwa kirefu kwenda juu kuliko Rusinga. Na upande wa bara kuna mji wa Mbita, ng'ambo ya mlango mwembamba wa maji. Zamani watu walivuka kwa mashua, katika miaka ya 1980 likajengwa tuta, na siku hizi kuna daraja ambalo huyaacha maji yapite chini yake. Katikati ya kisiwa umesimama mlima Ligongo, nao huonekana kutoka karibu kila boma la kisiwani.

Mtu akipanda Ligongo asubuhi, kabla mawe hayajawaka joto, akatazama kusini, ataona milima ya Gembe, na nyuma yake milima ya Gwasi, ambayo kilele chake kimepita futi 7,400 juu ya usawa wa bahari. Yaonekana kama milima mbalimbali. Sivyo. Hiyo yote ni vipande vya mlima mmoja, kama vigae vya chungu kilichovunjika. Wataalamu huuita mlima huo Kisingiri. Ulikuwa volkeno, nao ulitoa moto na majivu miaka milioni 18 na zaidi iliyopita. Kitovu chake kilikuwa Rangwa, huko bara. Rusinga na Mfangano vilikuwa katika miteremko ya ubavuni mwake. Ziwa halikuwako bado.

Sasa nawaombeni msikilize vema, maana hapa ndipo penye siri ya kisiwa. Chokaa tunachokijua sisi, kama kile cha pwani ya Mombasa, kilitoka baharini, kwa matumbawe na makombe ya wadudu wa maji yaliyorundikana kwa muda mrefu. Chokaa cha Rangwa hakikutoka baharini. Kilitoka motoni. Ziko volkeno chache duniani ambazo tumboni mwake mna mawe ya namna ya chokaa yaliyoyeyuka, nazo si nyingi. Mlima Homa, ulio karibu na Kendu Bay, ulikuwa mmoja wao, na vilima vya Ruri vile vile. Volkeno ya jamii hiyo iliyo hai hata leo ni Ol Doinyo Lengai katika Tanzania, ambayo ujiuji wake una magadi mengi; hutoka mweusi kama lami, na baada ya siku chache huwa mweupe.

Majivu ya Kisingiri yalipoanguka yalikuwa yamechanganyika na chokaa hicho. Kwa kawaida mfupa ukilala katika udongo wa msitu wenye mvua nyingi, udongo huo huula kama siki ila mayai, na haupiti muda ila umekwisha. Lakini majivu yenye chokaa huzuia ukali huo. Mvua ilipoyalowesha yalishikamana kama saruji, na kila kilichokuwa chini yake kikahifadhiwa: mifupa, majani, matunda, mbegu, konokono, mende, hata viwavi. Kiliokotwa kichwa cha mjusi ambacho ulimi wake umegeuka jiwe pamoja nacho. Ziko nchi ambazo zimetoa mifupa ya zamani mingi kuliko Rusinga. Lakini nchi iliyohifadhi kiwavi kwa miaka milioni 18 ni adimu.

Habari za mifupa hii hazikuanzia Rusinga. Mwaka 1911 mtaalamu Felix Oswald alichimba Karungu, ambako leo ni Kaunti ya Migori, akapata mifupa ya wanyama wa kale. Baadaye Louis Leakey alianza kutembelea Rusinga, na tarehe 2 Oktoba 1948 mkewe, Mary Leakey, aliona jino likichungulia katika mteremko uliomomonyoka. Nyuma ya jino palikuwa na taya, na nyuma ya taya sehemu kubwa ya fuvu lenye uso. Alikuwa mnyama wa jamii ya sokwe, asiye na mkia, aliyetembea juu ya matawi kwa miguu minne. Alikwisha kupewa jina la Proconsul mwaka 1933 kwa mifupa iliyopatikana Koru. Na jina hilo, msicheke, lilitokana na Consul, sokwe aliyekuwa akichezeshwa mbele ya watu huko Uingereza. Mwaka 2015 wataalamu waliwatenga wale wa Rusinga wakawapa jina jipya la Ekembo, neno lililochukuliwa katika lugha ya Wasuba, wenyeji wa visiwa hivi. Namna moja huitwa Ekembo heseloni, kwa heshima ya Heselon Mukiri, Mkenya aliyefanya kazi na Leakey miaka mingi na ambaye jicho lake la kutambua mfupa kati ya mawe lilisifiwa sana. Mimi naona jina hili lina haki kuliko lile la kwanza.

Hapa sina budi kuungama kosa langu. Miaka michache iliyopita nalipewa kazi ya kufasiri tangazo fupi kwa ajili ya watu wa kijiji kimoja cha kisiwani, kuwaarifu ya kuwa wachimbaji watakuja. Sikupata neno la kunitosha. Neno visukuku nalilijua, lakini nalihofu ya kwamba halitafahamika, basi nikaandika kwamba wageni "watatafuta mifupa ya kale ya wazee wetu wa asili." Nalijiona nimefasiri vizuri. Tangazo liliposomwa barazani, watu wakanyamaza, kisha mzee mmoja akasimama akauliza ni makaburi ya ukoo gani yatakayofukuliwa. Siku mbili nzima hakuna kijana aliyekubali kubeba jembe. Nilipofika huko, mzee yule alinikaribisha uji, akaniambia, "Mwanangu, kalamu yako imetufukulia baba zetu kabla ya jembe." Nikamwomba radhi. Kisha tukapanda pamoja mpaka kwenye korongo, nikamwonyesha jino la mnyama limekwama katika jiwe. Akaligusa kwa kidole. Akasema, "Hili si la mtu wetu. Hili ni la mlima." Tangu siku hiyo ndivyo nisemavyo nikienda huko, mifupa ya mlima, na kila mtu hufahamu.

Tena watu wa nchi ile wamezoea kusoma habari katika mawe. Huko Nyandiwa, upande wa Gwasi, wenyeji huonyesha mwambani alama zinazofanana na kwato, nao husimulia ya kwamba ni nyayo za ng'ombe wa Nyamgondho, waliomfuata mkewe kurudi ziwani baada ya yeye kumtukana mwanamke huyo aliyemletea utajiri wote.

Mfupa mmoja huweza kudanganya hata wataalamu. Mnamo mwaka 1951 palipatikana mahali penye umbo la duara katika mwamba, pamejaa majivu yaliyoganda, na ndani yake mifupa ya Proconsul mdogo pamoja na ya wanyama wengine. Ilidhaniwa kwamba ni shimo lililochimbwa na maji ya mto. Miaka kama 30 baadaye wenzao walichunguza tena na kuona ya kuwa halikuwa shimo, bali shina la mti mkubwa lililokuwa na uwazi ndani. Mti ulifunikwa na majivu, ukaoza, na nafasi yake ikabaki. Na vipande vingine vya mnyama yuleyule vilikutwa vimelala katika droo za makumbusho, vimechanganywa na mifupa ya wanyama wengine! Mwaka 2014 ilitangazwa habari ya visiki na mizizi iliyohifadhiwa pahali pamoja na mifupa ya Ekembo, ikaonekana ya kuwa Rusinga ya wakati ule ilikuwa msitu mzito ambao matawi yake yaligusana. Mtu akisimama hapo leo chini ya jua la saa saba, kati ya miiba, huona vigumu kusadiki.

Msitu ule haukudumu. Katika tabaka za juu, ambazo umri wake ni makumi ya maelfu ya miaka tu, hupatikana mifupa ya wanyama wa mbuga kavu: choroa, punda milia wa namna ya kaskazini, na mnyama mmoja aitwaye Rusingoryx, ndugu wa nyumbu, aliyekuwa na nundu yenye uwazi juu ya pua, ambayo labda ilimsaidia kupiga sauti nzito ya kusikika mbali. Wanyama wa makundi kama hao hawawezi kuishi katika kisiwa cha maili 10. Kwa hiyo yajulikana ya kuwa wakati ule ziwa lilikuwa limepungua, na Rusinga ilikuwa kilima tu katika mbuga. Tena miaka kama 15,000 na zaidi iliyopita ziwa lote lilikauka. Mvuvi wa Mbita nilipomwambia hayo alitazama maji, akatazama nyavu zake, akaniuliza kama nimekunywa.

Leo wanyama wa kisiwani ni wale wa majini na kandokando yake. Furukombe hukaa juu ya miti michache iliyobaki, fisi-maji huiba samaki nyavuni, na kenge hulala juu ya mawe. Wanyama wakubwa wamebaki upande wa bara, katika Bonde la Lambwe. Huko mbung'o waletao malale waliwazuia watu kulima, na kwa sababu hiyo wanyama wakapata kimbilio. Mwaka 1966 bonde likawa hifadhi, na mwaka 1983 likawa Hifadhi ya Taifa ya Ruma. Kuna twiga, kongoni, taya, na vifaru waliorudishwa. Kuna na korongo, paa mkubwa mwenye uso wa rangi nyeusi na nyeupe, ambaye katika Kenya nzima hapatikani mahali pengine. Katika hesabu ya wanyama ya mwaka 2021 walionekana chini ya 20. Ng'ombe wa boma moja la mtu wa kiasi huwapita kwa idadi. Mitego ya waya ndiyo iliyowamaliza, pamoja na kupungua kwa malisho yao.

Lugha yetu ina mchezo wake: korongo ni huyo mnyama, korongo ni ndege mwenye miguu mirefu, na korongo ni bonde lililochimbwa na maji ya mvua. Katika nchi hii korongo wa kwanza anapungua, na korongo la tatu linaongezeka. Miteremko ya Ligongo imekatwa miti kwa kuni na makaa. Mvua ya Aprili, ambayo si nyingi lakini huja kwa nguvu, hukuta ardhi uchi, ikachukua udongo mpaka ziwani. Nami sitawaficheni shida iliyopo. Maji yale yale yaharibuyo shamba ndiyo yafunuayo mifupa. Mary Leakey hangeliona jino lile kama mteremko ungalikuwa na majani. Mtaalamu mmoja aliniambia kwamba kila baada ya mvua hutembea akitazama chini, akitumaini. Mwenye shamba hutembea nyuma yake akitazama chini pia, akihesabu mawe mahali palipokuwa na mtama wake. Ukipanda miti na kujenga matuta ya mawe, mifupa itabaki imefichika. Nayo imefichika muda mrefu, yaweza kungoja. Mtama hauwezi.

Kwa wale wakaao huko, jambo la kufanya ni rahisi. Mtoto akiokota jino au mfupa mzito kama jiwe, asiuondoe. Aweke alama ya mawe mahali hapo na kumwarifu chifu, au watu wa Makumbusho ya Taifa. Mfupa uliong'olewa mahali pake umepoteza nusu ya habari zake. Tena sheria ya mwaka 2006 yakataza kuchimba na kupeleka vitu hivi nchi za nje bila ruhusa. Fuvu la mwaka 1948 lenyewe lilipelekwa Uingereza kwa kuazimwa, na likakaa huko mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilipothibitishwa kwa barua za zamani kwamba halikutolewa zawadi. Sasa liko Nairobi.

Yule mzee wa uji aliniuliza juu ya fuvu hilo tulipokuwa tukishuka mlimani. Nikamwambia limefungiwa katika chumba salama. Akataka kujua nauli ya Nairobi ni kiasi gani kwa watu wawili, maana angependa kumchukua mjukuu wake.