Uliza Ukuta Kwanza: Kutundika Picha na Vioo Visianguke

(Haya ni mazungumzo tuliyotoa mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia, Mwatate. Tumeyaandika kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Leo hatukuja kuzungumza habari ya mikopo wala ya mbuzi wa maziwa. Tumekuja na jambo dogo, dogo kama msumari. Lakini msicheke kwanza, maana jambo hili dogo karibu livunje kikundi chetu.

Wengi mnajua kwamba tulikodi chumba karibu na soko hapa Mwatate tukaanza kazi ya kushona nguo. Kila mteja akijaribu nguo anauliza, "Sasa nijione wapi?" Basi tukachanga kwa miezi mitatu, tukanunua kioo kizuri, upana sentimita 60 na urefu sentimita 90. Siku ile ile tukakitundika wenyewe. Msumari mmoja wa inchi moja na nusu, nusu yake ndani na nusu nje, na kamba ya katani nyuma ya fremu. Tukapiga makofi, kazi imekwisha.

Wiki ya tatu, mchana, mtoto wa mwenzetu alikuwa amelala juu ya leso chini ya meza ya kukatia nguo. Kioo kikashuka. Meza ile ndiyo iliyomkinga mtoto. Vipande vilifika mpaka mlangoni.

Tulipomaliza kufagia, maneno yakaanza. Nani alipe? Wengine wakasema ni yule aliyepigilia msumari. Wengine wakasema ni yule aliyeleta kamba. Wanachama wawili wakaacha kuja mikutanoni. Mwishowe tukamwita fundi mmoja mzee. Akachungulia tundu, akatia kidole, akasema: "Msumari wenu haukufika ukutani. Ulishika plasta tu."

Jamani, maneno hayo ndiyo tuliyokuja kuwapa leo. Usinunue msumari kabla ya kujua ukuta wako, na kabla ya kujua uzito wa kitu chako.

Uzito kwanza

Kioo ni kizito kuliko kinavyoonekana. Kioo cha unene wa milimita 4 kina uzito wa kilo 10 kwa kila mita moja ya mraba. Kile chetu kilizidi nusu mita ya mraba kidogo, kwa hiyo kilikuwa kama kilo 5 na nusu, bado hujahesabu fremu. Cha milimita 6 kingefika kilo 8. Picha ya harusi au cheti cha usajili wa kikundi ni mambo mepesi, msumari mmoja mzuri unatosha. Kioo sivyo.

Halafu kuna kamba. Watu wawili wakishika kamba na kuning'iniza ndoo ya maji katikati, kamba ikilegea chini kazi ni nyepesi. Lakini jaribuni kuivuta mpaka ikaribie kunyooka. Mikono itauma! Ndoo ni ile ile, ila mvuto umeongezeka. Na nyuma ya fremu ni hivyo hivyo. Kamba iliyokazwa sana inavutwa kwa nguvu kuliko uzito wa kioo chenyewe. Iacheni ilegee vya kutosha, au bora zaidi, tumieni kulabu mbili zilizo mbalimbali. Moja ikishindwa, nyingine bado inashika.

Sisi watu wa hapa tunaipenda katani, maana mashamba yake tunayaona kila siku. Ni kamba nzuri, lakini unyevu huiozesha, na meno ya skrubu huikata kidogo kidogo. Kwa kioo, tumieni waya usioshika kutu upesi.

Ukuta wako ni wa namna gani?

Nyumba ya fito na udongo. Hapa msumari uliopigwa kwenye udongo ni bure. Leo unashika, kesho udongo ukikauka unapasuka. Gongagonga ukuta mpaka uzipate nguzo. Kisha pigilia ubao kutoka nguzo moja hadi nyingine, na kitu chako kitundike kwenye ubao huo. Nguzo ikiwa imeliwa na mchwa, usiiamini. Njia nyingine ni kufunga waya kwenye mwamba wa juu unaobeba paa na kuushusha.

Matofali mabichi. Ukigonga kwa nguvu, tofali linameguka. Anayejenga sasa na aweke kipande cha mbao kavu katikati ya matofali, mahali anapotaka kutundika baadaye. Aliyekwisha kujenga atoboe tundu, atie kigingi cha mbao ngumu, akijengee kwa saruji na mchanga, kisha angoje wiki nzima kabla ya kutundika kitu.

Mawe, matofali ya saruji au ya kuchoma. Gonga plasta kwa kifundo cha kidole. Ikilia kama mtungi mtupu, imeachana na ukuta, tafuta mahali pengine. Msumari wa kawaida wa mbao utapinda. Iko misumari ya chuma kigumu ambayo mafundi huita misumari ya konkriti, nayo inafaa kwa picha na saa. Ipigwe ikielekea chini kidogo kwa ncha, kichwa kikiwa juu. Lakini kinga macho, maana msumari huu ukikatika huruka kama risasi. Tena usipigilie juu ya swichi au soketi wala chini yake. Nyaya za stima hupita hapo.

Mabati au mbao. Usitundike kwenye bati, tundika kwenye mbao zilizoshika bati.

Plagi na skrubu

Kwa kioo kwenye ukuta wa mawe, dawa ni plagi na skrubu. Zamani mafundi walichonga tundu kubwa, wakatia kipande cha mbao. Karibu mwaka 1911, fundi Mwingereza aliyeitwa John Joseph Rawlings alitengeneza plagi ndogo ya nyuzi za jute, ambazo ni kama katani yetu. Mwaka 1958 Mjerumani Artur Fischer akatengeneza ya nailoni. Hizi za plastiki tunazoziona dukani zinafuata mtindo huo.

Kazi yake ni rahisi kuelewa. Skrubu ikiingia, plagi inatanuka na kubana kuta za tundu. Kwa hiyo tundu likiwa pana kupita kiasi, hakuna kinachobana. Plagi ya milimita 6 inataka tundu la milimita 6. Na tundu lipite plasta yote ndipo liingie kwenye jiwe, plagi nzima ikae ndani ya jiwe. Plasta ikiwa na unene wa sentimita 2 na plagi ni sentimita 3, skrubu ya sentimita 4 haitoshi. Chukua ya 6. Toa vumbi lote tunduni kabla ya kutia plagi.

Huna stima wala drili? Tindo nyembamba na nyundo vinatosha. Piga polepole, na kila pigo uizungushe tindo kidogo ili tundu liwe la mviringo.

Kioo kisicho na fremu kinataka vishikizo vinne. Viwili vya chini hubeba uzito, viwili vya juu huzuia kisianguke mbele. Weka kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli kati ya kishikizo na kioo, na usikaze sana, kitapasuka.

Jaribu kwa maji

Hili ndilo kubwa alilotufundisha yule mzee. Kabla ya kutundika kioo, tundika mtungi wa maji. Lita moja ya maji ni kilo moja. Kioo cha kilo 6, tundika mtungi wenye lita 15 au zaidi, uache usiku kucha. Asubuhi tazama. Skrubu imesogea? Plasta imepasuka? Basi afadhali umwage maji kuliko kuokota vipande vya kioo. Na hata jaribio likipita, usitundike kioo juu ya kitanda wala mahali watoto wanapokaa.

Ndugu zetu, kioo cha pili tulikinunua kwa fedha za kikundi chote, kwa sababu tulipopiga makofi siku ile, tulipiga sote. Wa kwanza wa wale wawili amerudi. Wa pili bado tunamwendea. Kama tungejaribu kwa mtungi wa maji, tusingekuwa na safari hiyo.



Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Kuta za chumba chetu cha mikutano ni za namna gani? Nani ataziangalia?
2. Ni kitu gani kizito kimetundikwa sasa juu ya mahali watu wanapokaa au kulala?
3. Kitu cha kikundi kikiharibika, tumekubaliana nani atalipa, au tutasubiri mpaka kianguke?