Majumba ya Mizingani

Twawaomba mtembee nasi kwa fikira katika njia ya pwani ya Unguja, iitwayo Mizingani.

Kwanza yaonekana Ngome Kongwe, waliyoijenga Waarabu wa Omani baada ya kuwafukuza Wareno mwaka 1698. Pale palikuwa na kanisa la Wareno, na alama zake zingali ukutani.

Jirani yake ni Beit al-Ajaib, aliyoijenga Seyyid Barghash mwaka 1883. Nguzo zake za chuma, baraza zake pana, hata taa za umeme, ziliwastaajabisha watu, nayo ikapata jina. Mwaka 1896 manowari za Waingereza zilipiga mizinga kwa muda usiotimia saa moja. Beit al-Hukm, iliyokuwa karibu, ikaharibika kabisa; Ajaib ikasimama. Lakini ilichakaa kwa kukosa matunzo ya miaka mingi, na siku ya Noeli, mwaka 2020, ilipokuwa ikitengenezwa, sehemu yake kubwa ikaporomoka. Mafundi wawili wakafa. Twasikitika kusema kwamba matengenezo yalikawia mno.

Mbele kidogo ni zahanati ya zamani. Tharia Topan aliianza mwaka 1887, kwa ajili ya Jubilii ya Malkia Victoria, akafariki haijaisha. Mjane wake akaimaliza. Nayo pia ilichakaa sana, ila ilitengenezwa katika miaka ya 1990 kabla ya kuanguka, na roshani zake za mbao zilizochorwa zapendeza tena.