Tusinunue mitambo isiyojua anuani mpya

Wengi wenu mnakumbuka enzi ambazo barua ya mtu wa mtaani ilipitia sanduku la posta la shule, au la ofisi anayofanya kazi mjomba wake. Sanduku moja lilihudumia ukoo mzima na majirani juu. Kutuma barua hakukuwa na taabu. Taabu ilikuwa kupokea, kwani ilibidi mwandikaji ajue upitie kwa nani, na karani wa pale awe na moyo wa kukufikishia.

Hivyo ndivyo simu zetu nyingi za mkononi zinavyoishi ndani ya intaneti. Kanuni za mawasiliano zilizochapishwa Septemba 1981, ambazo wataalamu huziita toleo la 4, zina anuani zipatazo bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima. Ghala kuu la anuani hizo liliisha Februari 2011. Afrika tulibakiwa na akiba kidogo, lakini mwaka 2017 AFRINIC, taasisi yenye makao yake Mauritius inayogawa anuani kwa bara letu, nayo ilianza kutoa kwa mgawo. Basi kampuni za simu zikalazimika kuwapanga wateja wengi nyuma ya anuani moja. Ukitaka kutazama mpira, utatazama. Lakini ukitaka wewe mwenyewe kurusha picha za harusi ya binti yako kutoka kwenye kompyuta yako ya nyumbani, ndugu walio mbali wazivute moja kwa moja kwako, utagonga ukuta, kwa sababu huna anuani ya kuwapa. Itakubidi upite kwa kampuni kubwa yenye seva zake, na ukubali masharti yake.

Dawa ya tatizo hili ilichapishwa Desemba 1995, nayo ni toleo la 6. Anuani zake zina urefu wa biti 128 badala ya 32, na hesabu yake haina haja ya kutajwa redioni, maana hatutaimaliza. Mtu atauliza: kama dawa ipo miaka yote hiyo, mbona mgonjwa hajapona? Sababu ni nyingi. Leo nashughulika na moja isiyosemwa sana, nayo ni programu za kurushia na kupokelea picha za video.

Wakubwa wetu hudhani kwamba barabara mpya ikishatandazwa, magari yatapita yenyewe. La hasha! Chukua mfano wa VLC, programu ambayo karibu kila kijana mwenye kompyuta anaijua. Asili yake ni mradi wa mwaka 1996 wa wanafunzi wa École Centrale Paris, Ufaransa, waliotaka kupeleka televisheni ya setilaiti vyumbani kupitia mtandao wa chuo, badala ya kila mmoja kutundika dishi lake. Mwaka 2001 waliifungua kwa umma, na katika miaka hiyo ya mwanzo wa 2000 yeye na seva yake wakafundishwa toleo la 6, wakati kampuni nyingi tajiri zilikuwa zimelala usingizi.

Kazi yenyewe ni ya kuchosha macho. Programu ya zamani ilitenga baiti 4 za kuwekea anuani. Mpya inataka 16, kwa hiyo fundi apekue kila mahali palipotengwa nafasi ile. Kisha kuna balaa la nukta mbili. Zamani anuani iliandikwa kwa namba nne zenye nukta katikati, halafu nukta mbili, halafu namba ya mlango wa seva. Anuani mpya yenyewe imejaa nukta mbili, na programu haijui anuani inaishia wapi na mlango unaanzia wapi. Desemba 1999 ikawekwa kanuni kwamba anuani izungushiwe mabano ya mraba. Jambo dogo kama hilo! Lakini mtambo usiojua mabano hayo hautoi hata picha moja.

Lililonistaajabisha zaidi ni la mizigo. Picha za televisheni husafiri katika vipande vya baiti 188, na kwa desturi vipande saba hufungwa pakiti moja, yaani baiti 1316. Ongeza baiti 48 za maelezo ya safari, unapata 1364. Chini ya toleo la 4, mtambo wa njiani ukiona pakiti imezidi upana wa njia uliweza kuikata na kuipitisha. Toleo la 6 limeupiga marufuku. Anayetuma ndiye apime kabla. Na njia nyembamba kuliko zote inayokubalika ni ya baiti 1280. Matokeo yake, mzigo uliopita salama miaka yote unatupwa porini, picha inaganda, na mtazamaji anapiga kofi king'amuzi chake kisicho na kosa. Fundi anayejua hufunga vipande sita, akapita bila wasiwasi.

Kampuni ya Apple iliamua kutumia fimbo. Kuanzia tarehe 1 Juni 2016, programu yoyote iliyopelekwa kwenye duka lake ilitakiwa kufanya kazi hata pale ambapo toleo la 4 halipo kabisa. Waliokuwa wameandika anuani za namba ndani ya programu zao walizifuta haraka. Mimi si mpenzi wa mabavu ya kampuni kubwa, lakini katika hili sina la kuwalaumu.

Sisi tunaonunua mitambo kwa fedha za umma, fimbo yetu ni zabuni. Niliwahi kualikwa kutazama seva ya video ambayo ofisi moja ilikuwa karibu kuilipia. Nikaomba toleo la 4 lizimwe kwa dakika tano tu, tuone kama picha itaendelea kuja. Muuzaji alicheka, akasema watu wa huku hawatumii hayo mambo, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka, akaahidi kurudi na jibu Jumatatu. Ilikuwa mwezi Machi. Sasa tumeingia Oktoba, na hundi bado imo ndani ya droo ya mhasibu.