Wino wa Baruku



Sura ya 36 ya Nabii Yeremia yatusimulia habari za mfalme Yehoyakimu, aliyeketi karibu na moto akisomewa gombo la maneno ya nabii. Kila zilipokwisha kusomwa safu tatu au nne, mfalme alizikata kwa kisu akazitupa motoni, hata gombo lote likateketea. Yeremia akatwaa gombo jingine. Baruku akaketi, akayaandika yote upya kwa wino.

Ndugu zake Baruku wangali hai katika nchi ya Ethiopia. Huko vitabu vya sala huandikwa kwa mkono katika lugha ya Kige'ez, ambayo hakuna mama anayembembelezea mtoto kwayo tena, lakini ndiyo lugha ya kale ya Liturujia ya Waorthodoksi, na ya Wakatoliki wenzetu wa huko pia.

Kazi yenyewe haina haraka. Ngozi ya mbuzi hulowekwa majini kwa siku kadhaa, huwambwa kwenye fremu ya miti, hukwanguliwa nyama na manyoya mpaka iwe nyeupe na laini. Mistari hutiwa kwa ncha butu, bila wino. Wino mweusi hutokana na masizi, na kalamu huchongwa katika tete. Mwandishi afikapo penye jina la Mungu au la Bikira Maria, huweka chini kalamu ya wino mweusi na kushika ile ya wino mwekundu. Kitabu kimoja huweza kumchukua miezi mingi.

Vitabu hivyo navyo vimepata kina Yehoyakimu wao. Mwaka 1868 jeshi la Uingereza lilichukua mamia kutoka Maqdala, na vingi viko London hadi leo. Katika vita vya Tigray, vilivyoanza 2020 na kusimamishwa kwa mapatano ya 2022, makanisa na monasteri ziliporwa. Lakini Injili za monasteri ya Abba Garima, karibu na Adwa, zimedumu tangu karne za kwanza za Ukristo nchini humo.

Tangu 1973 maelfu ya vitabu hivyo yamepigwa picha, kwa msaada wa Wabenediktini wa Collegeville, Marekani. Nawashukuru kwa moyo. Hata hivyo, picha huokoa maneno. Haiwezi kumfundisha kijana kuwamba ngozi. Kitabu cha chapa ni rahisi kununua, na mzee afaye bila mwanafunzi huondoka na mikono yake. (Nami si mwema kuliko wengine: nikiwa padre kijana niliacha daftari la katekista mzee liliwe na mchwa, kwa kuwa tayari tulikuwa na mashine ya chapa.)

Kwa bahati njema, mjini Addis Ababa taasisi ya Hamere Berhan imewakusanya mapadre na walei wanaonakili vitabu vya kale kwa mkono.

Mwandishi wa Kihabeshi, amalizapo, mara nyingi hutaja jina lake ukurasa wa mwisho na kumwomba msomaji amwombee. Basi katika sala ya waamini leo, tuwaombee. Kesho Jumatatu watarudi kwenye ngozi zao.